Mlango wa Kuruthumu

Mke wangu Mwaija alikuwa na ndoo mbili, na hakuzichanganya hata siku moja. Nyekundu ilikuwa ya kazi za nyumbani. Ya kijani, yenye kifuniko, ilikaa juu ya kabati pamoja na kata, sabuni ya mche, pamba na kichupa cha marashi, na haikushushwa ila mwanamke wa mtaani anapofariki. Alikuwa mmoja wa wanawake saba wanaoosha maiti katika kitongoji chetu, njia ya kwenda Kaole. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Mimi niliishia kidato cha nne, nikapima chumvi kwenye mabwawa ya chumvi kwa miaka ishirini na sita, na sikuwahi kufikiri kwamba nitaandika kitu kirefu kuliko barua ya kuomba ruhusa. Lakini Mwaija ana miezi mitano sasa tangu tumzike, na naona mambo yameanza kunitoka. Juzi nilishindwa kukumbuka ndoo ya nyumbani ni nyekundu au bluu, mpaka nikaenda uani kuitazama. Ndiyo maana naandika.

Wanawake wale saba ndio walioanzisha kikundi cha bima ya afya kwetu. Watu wa mjini walishangaa, sisi hatukushangaa. Anayeosha maiti anajua kilichomuua mtu. Anakiona kidonda cha sukari kilichofichwa ndani ya soksi. Anawasikia ndugu nyuma ya pazia wakiambiana, tungempeleka mapema. Siku moja Mwaija alirudi kutoka kwenye msiba, akaiweka ndoo ya kijani chini, akakaa kizingitini bila kuvua viatu.

"Muharami," akasema, "tangu Mfungo Mosi nimeosha watu wanne ambao hawakuwa na haja ya kufa."

"Siku ya mtu iko kwa Mungu."

"Iko kwa Mungu, ndiyo. Lakini Mungu hakuwakataza kwenda hospitali. Walijikataza wenyewe kwa kuogopa watakachoambiwa wakalipe."

Basi akaanza. Njia yake ilikuwa moja. Siku ya tatu ya msiba, hitima ikishasomwa na watu wamekaa mikekani mbele ya sinia za wali, Mwaija alisimama na kuonyesha kadi ya bima ya kaya. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba marehemu angekuwa nayo hii pengine leo tungekuwa tunakula wali wa harusi, kisha akakaa na kuendelea kusuka ukili wake wa mkeka. Mikono yake haikukosa ukili. Wanawake walimfuata wenyewe, wengine wakilia, wakitaja majina ya watoto wao ili awaandike. Alisema hataacha mpaka kila nyumba iwe ndani, ya mvuvi, ya mwalimu, ya yule bibi anayeishi na kuku wake peke yake. Mimi niliandika orodha ya nyumba, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kikundi kikavuma mpaka vitongoji vya jirani.

Mtu mmoja tu katika orodha ile Mwaija aliniomba niweke alama pembeni ya jina lake. Ni Mwanahija, mama wa makamo aliyekuwa fundi wa vitumbua na mwenye maneno. Alijiandikisha miongoni mwa wa mwanzo, kisha wakagombana, kisha akahamia Kerege kwa binti yake. Tangu hapo simu ya Mwaija hakuipokea, wala yangu. Nilipouliza wamegombania nini, Mwaija aliniambia, "Alisema kweli na mimi sikupenda," na hakuongeza.

Masika ya mwaka juzi maji ya mvua yaliingia visimani, na baada ya maji kikaingia kipindupindu. Kwanza mtu mmoja, kisha nyumba tatu kwa siku moja. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Hakuna hitima, hakuna maulidi, hakuna kula sinia moja. Wagonjwa walipelekwa kambini, kwenye mahema yaliyowekwa nyuma ya shule, na aliyefia huko alizikwa na watu wa afya waliovaa mabuti na glovu. Ndugu wawili tu walisimama mbali, udongo ukimwagiwa dawa. Hilo liliwauma watu kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu kuzikwa na harufu ya dawa ya choo, walisema, bila mkono wa mtu wake.

Kwa hiyo wale wanawake saba wakakosa vitu viwili siku moja. Kazi yao ya kuosha ilichukuliwa, na kikundi chao kikakosa mahali pa kusemea. Mmoja wao alishauri wakae majumbani mpaka yapite. Wengine walisema bima haina la kusema sasa, maana kipindupindu kinatibiwa bure.

"Bure iko kambini," Mwaija akajibu. "Mtu hafiki kambini. Sisi tunaijua kila nyumba, tuna orodha. Tutazunguka."

Bwana afya, kijana anayeitwa Mahmoud, alifurahi mno. Akawapa vidonge vya kutibu maji, sabuni, na zile pakiti za chumvichumvi za kukoroga kwa mgonjwa anayeharisha. Wakagawana mitaa. Jioni walirudi na karibu kila kitu walichotoka nacho.

Hatukuliona tatizo mpaka tulipoambiwa. Mzee mmoja, rafiki yangu wa mabwawani, alimchungulia Mwaija dirishani akamwambia, "Mwanangu, mimi bado nakula. Njoo baadaye." Mwanamke mwingine aliwaona wakikata kona yake, wawili wamebeba ndoo, akawaingiza watoto ndani huku akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Fikiria mwenyewe. Mgonjwa yuko kitandani, hodi inapigwa, na anayepiga hodi ni mwosha maiti na ndoo yake.

Mwaija alicheka aliponisimulia, lakini niliona limemchoma. Kesho yake akaacha ndoo na kubeba kikapu. Wakamfungia. Akabadilisha kanga, akaacha zile nyeusi za msibani akavaa ya maua. Wakamfungia.

"Hata ukienda na keki ya harusi," nikamwambia, "watu watatazama kama chini yake kuna pamba."

"Nyamaza wewe," akasema, akanipiga begani na ukili. Halafu akaurudisha ukili mapajani. "Nimekosea, Muharami. Nilidhani kwa kuwa wananijua watanifungulia. Kumbe kunijua kwenyewe ndiko kunakowafanya wafunge."

Siku ya nne, asubuhi, alikuwa anatoka kuchota maji akaona mashuka matatu yameanikwa barazani kwa Kuruthumu, na mvua inanyesha. Akarudi mbio. "Mtu hafui mashuka matatu alfajiri ya mvua," akasema. "Twende."

Kuruthumu ni mjane, nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikaa na mkwe wake Adila, mke wa mwanawe Khamis aliyekuwa kazini Dar es Salaam. Adila alikuwa na miaka ishirini na mbili na mimba ya miezi saba. Tulipofika barazani tukasikia mtu anatapika ndani, ile ya kutapika maji matupu.

"Hodi," Mwaija akasema.

"Nani?"

"Mwaija."

Tukasikia komeo likisukumwa, na baada ya komeo sauti nzito ikiburuzwa sakafuni. Alikuwa anasogeza kinu nyuma ya mlango.

"Kuruthumu, ni Adila?"

"Hakuna anayeumwa humu."

"Namsikia."

"Mwaija, nakuheshimu," Kuruthumu akasema. Sauti yake ilikuwa karibu sana, nafikiri aliegemeza paji la uso kwenye ubao. "Binti yangu ulimwosha vizuri, Mungu akulipe. Lakini siku ile ulikuja saa nne kumtazama, ukaniambia atapona. Saa kumi ukarudi na ndoo. Sasa usiusogelee mlango huu. Humu nimebaki na huyu mmoja."

Nilimwona Mwaija akirudi hatua moja nyuma, na hatua nyingine, mpaka akawa anasimama mvuani.

Mahmoud alifika na mgambo wawili, mtu alikuwa ameshampigia. Alitazama mlango, akatazama saa yake.

"Mama, huyu ana mimba. Maji yakimwishia mwilini hafiki jioni. Nauvunja."

"Vunja," Mwaija akasema. "Kisha uniambie kesho utavunja mingapi. Kila nyumba inatusikiliza sasa hivi. Leo ukimtoa mmoja kwa nguvu, wengine watawaficha wagonjwa wao mpaka chini ya kitanda."

"Mgonjwa hangoji siasa."

"Siyo siasa, mwanangu. Nipe mpaka adhuhuri. Kuna mtu ambaye mlango huu hauwezi kumkataa."

Mahmoud alikuwa kijana mwenye moyo. Alikwenda dirishani, akaweka pakiti za chumvichumvi na chupa ya maji safi juu ya ukingo wake, akaeleza kwa sauti kubwa jinsi ya kukoroga, kijiko kwa kijiko, asipewe kikombe kizima. Tukangoja. Mkono ukatokea pazia likitikisika, ukachukua pakiti, ukarudi tena kuchukua chupa. "Saa nne na robo," Mahmoud akasema. "Adhana ikilia naingia."

Mwaija alinishika mkono. "Somo yake Adila ni Mwanahija."

"Mwanahija yupi?"

"Yule yule. Washa pikipiki."

Kwetu msichana anapovunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke mmoja, huyo ndiye somo yake. Somo humwogesha mwari, humfundisha, humtoa ndani siku zikitimia, na siku ya harusi huingia chumbani bila kupiga hodi, kwa sababu mama mzazi mwenyewe alishamwachia njia. Hata mwari awe bibi, somo yake ni somo yake. Mimi ni mwanamume, mambo hayo nayajua kwa nje tu. Lakini njiani kwenda Kerege niliielewa fikira ya Mwaija. Adila alikuwa na wanawake wawili waliokuwa na haki ya kumwogesha. Mmoja alikuwa wa kifo, na huyo amefungiwa. Tunamfuata wa uhai.

Tulimkuta Mwanahija nyuma ya nyumba ya binti yake anasugua kikaango kisichokuwa na kazi, maana vyakula vya barabarani navyo vilikuwa vimepigwa marufuku. Alituona akaendelea kusugua.

"Shikamoo, dada," Mwaija akasema.

"Marahaba. Na mume umemleta awe shahidi?"

"Adila anaumwa. Kuruthumu amejifungia naye. Mimi amenikataa."

Kikaango kikaanguka. Mwanahija hakuuliza kitu kingine. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akamwita binti yake amletee viatu, vilipochelewa akapanda pikipiki miguu mitupu. Tukakaa mshikaki, mimi mbele, mke wangu katikati, Mwanahija nyuma, na Mwanahija si mtu mwembamba. Tulipoingia barabarani ndipo alipofungua kinywa.

"Usidhani nimekuja kwa ajili yako!"

"Sidhani, dada."

"Uliniambia nini siku ile na kadi yako? Uliniambia, dada Mwanahija, ukiwa na hii mlango wa hospitali ni wako! Hukuniambia hivyo?"

"Nilikuambia."

"Nikaenda na magoti yangu haya. Nikakaa tangu asubuhi. Nafika dirishani, binti ananiambia dawa hakuna, nenda dukani. Nikageuka nitazame Mwaija yuko wapi. Muharami, nauliza, mkeo alikuwa wapi?"

"Naangalia lori, mama," nikasema.

"Alikuwa kwenye hitima! Anaandika wengine!"

Mvua ilikuwa ikitupiga usoni. Nilihisi paji la uso la Mwaija likigusa mgongo wangu. "Ni kweli," akasema, na ilibidi aseme kwa kupaza sauti ili mwenzake asikie. "Ni kweli, dada! Nilipenda majina yaongezeke. Nilipokuandika nikadhani nimemaliza."

"Hujamaliza!"

"Sijamaliza!"

"Mtu akipewa kadi akaachwa peke yake dirishani, umempa aibu tu, aibu yenye picha yake!"

"Nisamehe."

Tulipita daraja, tukapita mashamba ya minazi, na sikusikia kitu ila injini. Karibu na mji Mwanahija akasema, kwa sauti ya kawaida sasa, "Ana miezi mingapi?"

"Saba."

"Endesha, Muharami. Unaendesha kama umebeba mayai."

Tulifika robo saa kabla ya adhana. Mahmoud alikuwa amekaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Mwanahija hakwenda mlango wa mbele. Alizunguka uani, akafika mlango wa nyuma, na hakupiga hodi. Aliweka kiganja juu ya mlango akaita, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, nyororo kabisa, "Mwari wangu."

Ndani kutapika kukasimama.

"Mwari wangu, somo yako yuko nje na miguu imejaa tope. Utaniacha hivi?"

Sauti ya Adila ikasikika, dhaifu, kama inatoka chini ya mto. "Mama, mfungulie."

"Mwanahija," Kuruthumu akasema, "uko na nani?"

"Niko na magoti yangu. Siku huyu binti alipovunja ungo mama yake alinikabidhi, na wewe siku ya harusi ulinipokea na mikono miwili. Hujanipokonya bado. Fungua."

Tukasikia komeo. Mlango ulifunguka kwa upana wa mtu mmoja, na kwa Mwanahija ukabidi ufunguke zaidi.

Kilichofanyika ndani nilisimuliwa baadaye. Adila macho yalikuwa yameingia, ngozi ya mkono ukiibana haikurudi. Mwanahija alipanda kitandani, akamweka kichwa kifuani, akamnywesha kijiko kwa kijiko huku akimwimbia nyimbo za unyagoni, zile za matusi zinazowachekesha wari. Adila alitapika, akamnywesha tena. Lakini aliona wazi kwamba kijiko hakitatosha. Akamwambia Kuruthumu anatakiwa dripu, anatakiwa kambi, sasa hivi.

"Akifa huko watamzika na dawa ya choo," Kuruthumu akasema.

"Hafi peke yake. Nakwenda naye. Akitoka natoka naye, asipotoka mimi ndiye nitakayesimama mbele yao."

Mahmoud, nje, akasikia akasema dirishani kwamba msaidizi mmoja anaruhusiwa, na kwamba yeye mwenyewe atamwandika. Kuruthumu akasema neno ambalo sote tulilisikia.

"Mwaija asiwepo gari likiondoka. Adila asimwone."

Nilimtazama mke wangu. Yeye ndiye aliyeyaona mashuka. Yeye ndiye aliyeomba muda, aliyekwenda Kerege, aliyetukanwa njia nzima. Alitikisa kichwa kukubali, akapita pembeni ya nyumba, akaenda kusimama nyuma ya banda la mbata la jirani, mahali ambapo mtu wa barazani hawezi kumwona. Nikamfuata. Alikuwa amesimama amejibanza ukutani kama mtu aliyeiba kuku, kanga imeloa, na mikono, bila yeye kujua, ilikuwa ikisuka hewa tu, maana ukili aliusahau nyumbani. Gari likapita. Hatukuchungulia. Adhana ikalia.

Adila alikaa kambini siku tano, akapona. Mtoto hakupona. Alimzaa siku ya pili, mvulana, amekwisha kufa. Nalitaja hili kwa sababu watu wa mradi mmoja wa afya walipokuja baadaye kutaka habari ya kikundi, mmoja aliiita habari ya ushindi, na Mwaija akamwambia aandike na mtoto. Jina alipewa Abdulwahab. Mwanahija alimwomba Mahmoud mara tatu, mpaka akaruhusiwa kuvaa glovu na kummwagia maji yeye mwenyewe, maji yenye dawa. Mwaija hakuitwa, na hakuuliza.

Alichofanya ni kutembea. Tangu siku ile ile alikwenda kwa masomo wote wa kitongoji, mmoja mmoja, akisimama umbali wa mkeka, akiwaeleza. Mimi niliandika orodha upya. Zamani niliandika nyumba na watu waliomo. Sasa niliandika nani ni mwari wa nani. Kila nyumba ikapata mwanamke mmoja asiyeweza kufungiwa, na nyumba zilizotoka bara, zisizo na somo kwetu, zikapewa mkunga aliyewazalisha. Wale saba walikoroga, walichemsha, walibeba mizigo, wakaiacha kwenye milango ya nyuma ya masomo na kuondoka. Hakuna aliyewaona tena na ndoo. Kwa wiki mbili za mwisho Mahmoud hakuongozana na mgambo hata siku moja. Watu walitoka wenyewe, wameshikwa mkono.

Ugonjwa ulipoisha, watu walidhani Mwaija atarudi kwenye hitima na kadi yake. Hakurudi. Mwanahija alikuwa ameshahamia tena kwetu, kwa kisingizio cha kumtazama Adila, na alikuwa ameweka sharti. Haandikishwi mtu mpaka atajwe atakayemsindikiza mpaka dirishani, akae naye, na asiondoke mpaka amepata dawa au ameandikiwa kwa nini hakupata. Kazi ikaenda polepole, mwanzoni majina yalipungua. Kuna waliolalamika kwamba kikundi kimekufa. Mwaija akawa anashinda kwenye benchi la zahanati na ukili wake, leo na bibi wa kuku, kesho na mvuvi mwenye kifua, kimya tu, anasuka. Lakini waliosindikizwa wakaanza kusindikiza.

Mimi nina presha, kila mwezi nachukua dawa. Aliyenisindikiza ni Mwaija. Hakuna aliyefikiri kuandika jina lingine pembeni ya nyumba yetu.

Alianguka uani siku ya Jumatano akianika nguo. Alikaa hospitali siku tatu. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu hilo silisahau.

Baada ya arobaini watu walitawanyika, nami nikaanza kufunga mlango. Sikuwa na chuki na mtu. Niliona tu kwamba kila anayekuja anakuja na uso wa pole, nami nimechoka kuupokea. Dawa zikaisha, sikwenda. Mwezi ukapita, na mwingine. Kichwa kiliniuma asubuhi, nikakaa kitandani mpaka kitulie.

Wiki iliyopita hodi ikapigwa saa mbili asubuhi. Nikazima redio.

"Hodi," ikarudiwa. Sauti ya mwanamke kijana.

Nikabana pumzi kama mtoto aliyejificha uvunguni.

"Muharami," sauti ya pili ikasema, nayo niliijua mara moja, "redio umeizima sasa hivi. Tumeisikia."

Alikuwa Kuruthumu.

"Sijisikii kuonana na watu," nikasema.

"Hata mimi sikujisikia. Mlango nilifunga kuliko wewe, nikaweka na kinu. Wewe hata kinu hukuweka."

Adila akacheka nje, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo, baba. Nimepewa nyumba hii. Mama Mwanahija amesema nisirudi bila wewe, na mama amekuja kunishuhudia, ili watu wasiseme."

Nilikaa kitandani nikitazama juu ya kabati. Ndoo ya kijani haikuwepo, wenzake Mwaija walishaichukua. Kulikuwa na alama ya duara tu kwenye vumbi. Nikavaa kanzu. Komeo lilikuwa gumu, lilikuwa limeshika kutu kidogo kwa mvua.

Dirishani niliambiwa dawa moja ipo, ya pili hakuna, nirudi Jumatatu. Nilishaanza kugeuka. Adila hakugeuka. Alimwomba yule binti aandike kwenye karatasi kwamba haipo, na akamuuliza mganga mfawidhi anatoka saa ngapi kwenye kikao. Saa tano, akaambiwa. Wakati ule ilikuwa saa tatu.

Kuruthumu alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amekunja miguu, akanisogezea nafasi.

"Tutangoja," akasema. "Mwaija aliningojea hapa hapa. Nilikuja na sukari yangu, mwaka jana, mwezi wa saba."

Sikujua. Hakuwahi kuniambia. "Alikusindikiza wewe?"

"Nilimwita mwenyewe. Tulikaa mpaka adhuhuri."

"Alikuwa anasemaje muda wote huo?"

"Hakusema kitu," Kuruthumu akasema. "Alikuwa anasuka. Wakaniita, akatangulia dirishani, akaniachia ukili nimshikie, na mimi nikaondoka nao kwa kusahau." Akafungua mfuko wake, akatoa kipande cha ukili kilichokunjwa, miyaa yake imekauka nchani. Alikilowesha kwa maji ya chupa, akakinyoosha juu ya goti, akaanza kusuka kuanzia pale Mwaija alipoishia.

Nikakaa.